Tunguu la Zafarani

Agosti, nyanda za juu za Pampur, Kashmiri.
Nachimbua vitanda alivyovipanda mama
mwaka alioolewa dada yangu Shafiqa.
Jembe likigusa, naliweka chini, natumia vidole,
maana tunguu likichubuka
huoza kabla ya Ijumaa ya pili.

Nainua moja. Limevaa wavu wa nyuzi kavu,
na chini yake, bapa kama sarafu iliyochakaa,
limeganda tunguu la mwaka jana, mzazi,
aliyejinyonya mpaka kwisha akawaachia wanawe.
Hawa wanne wanamkalia matanga
juu ya mgongo wake.

Ua lake mnalijua: zambarau, nyuzi tatu nyekundu
ambazo mchuuzi huzipima akiwa amebana pumzi.
Nyuki huja, huingia, hutoka na miguu ya njano,
lakini mbegu, tangu babu na babu, hakuna aliyeiona.
Ua lote lile ni ngoma ya harusi isiyo na bwana.
Uzazi uko huku chini, bila posa, bila mahari:
mmoja hujigawa, na kila kipande kikawa mzima.

Rutba, binti yangu wa miaka tisa,
anafuta udongo kwa upindo wa kanzu.
"Baba, kwa hiyo hili ndilo lile la bibi?"
Ndilo.
"Na la bibi yake bibi?"
Ndilo hilo hilo. Halijaacha kuwa lile.

Ananyamaza. Kisha ananitazama usoni
kama mtu aliyeangusha kitu humo.
Mimi nilichukua pua ya mama, basi.
Hasira ni za baba. Kicheko sijui cha nani.
Na sauti yake, ile ya kumwita paka alfajiri,
haikuota popote.

Safu ya tano, kuvu.
Tunguu jeusi, jirani yake jeusi, na jirani ya jirani.
Damu moja wote, hakuna hata mmoja
aliyezaliwa mkaidi vya kutosha kuukataa ugonjwa.
Kilichomuua wa kwanza kinawajua wote kwa majina.
Najaza ndoo, naenda kuyachoma kando ya mfereji.

Nikirudi, Rutba ameyapanga yaliyo mazima kikapuni,
ncha juu, kama nilivyomfundisha.
Moja, dogo kama jino, amelitia mfukoni.
Dogo vile halitoi ua mwaka huu, wala ujao.
Najifanya sikuona.