Usiipake Oili

Mayunga, ukianza tu kushuka mlima wa Bugando
sisi huku Mabatini tumeshakusikia.
Kuku wa mama Kabula wanaparamia mawe,
kichanga kinaachia ziwa,
na mzee wa genge, bila kuinua macho kwenye mizani,
anavuta tenga lake la nyanya ndani.

Mlio wako nimeuzoea kama sauti ya ndugu.
Si wa chuma kwa chuma, ule naujua, ule husaga meno.
Huu ni mwembamba, unatokea puani,
kama mtoto aliyenyimwa sangara wa kukaanga
halafu akaona mwenzake kapewa.

Egesha. Zima.
Nipe hiyo kumi na saba.
Leo gurudumu la nyuma linalala chini.

Tazama, sijagusa kitu, vumbi linamwagika lenyewe:
jeusi, la viatu vilivyojisaga,
jekundu, la Nyakato wanakochimbua barabara,
na huu mchanga mweupe, Mayunga, huu ni wa ufukweni.
Umeshinda Mwaloni ukibeba dagaa tangu mwezi wa tatu,
hukuwahi hata kuipulizia.
Wanasema ngoma ikilia sana hupasuka.
Hii yako hailii kwa majivuno. Imekabwa.

Sasa hiki nini?
Kidole changu kinateleza.
Nani kakupakia oili kwenye viatu vya breki?

Sospeter wa kijiweni.
Bure, akakupa na iliyobaki kwenye chupa ya maji,
akakuambia: itanyamaza.

Ikanyamaza. Siku ngapi, mbili?
Na hizo siku mbili ulisimama wapi?
Nijibu mimi.
Ulisimama pale ulipotaka wewe
au pale lilipotaka lori la mchanga?

Kunyamaza si kupona.
Nilipofiwa na Machibya
shemeji zangu walikuja na kilo tano za sukari,
doti ya kitenge, na maneno laini, laini,
nisitie neno juu ya kiwanja cha Buswelu.
Nikalainika.
Nikateleza miaka miwili
hadi siku nilipokuta bati la mtu linang'aa
juu ya matuta yangu ya mihogo.
Spana hizi zilikuwa zake.
Ndizo pekee ambazo hawakuzihesabu.

Basi. Lete msasa.
Viatu hivi vimekunywa, vimelewa, havirudi.
Kimbia kwa Shija ukachukue pea mpya,
ukikuta zile za boksi la kijani ziache, ni udongo mtupu.
Mimi huku naisugua ngoma.
Ona ukuta wake unavyong'aa, hata ndevu unaweza kunyolea hapo;
kung'aa huko ndiko ugonjwa.
Nakwaruza kimshazari, polepole,
mpaka iwe na ukali wa ulimi wa paka.
Ncha za viatu nazipunguza, zisije zikaingia kwa kudonoa.
Grisi tone moja, kwenye mhimili,
tone moja, Mayunga, na lisivuke hapo.
Springi mahali pake. Waya ulegee kiasi cha kidole.

Haya, panda mpaka geti la hospitali, kisha ushuke.
Nimesimama juu ya jiwe hili, nasikiliza.

Unakuja.
Kuku wanaendelea kuchakura.
Mzee wa genge ameinua macho, anakutafuta.
Kwenye kona, pale maji ya bomba yanapovujia,
unakanyaga, na pikipiki inatii,
inakaa chini kama ng'ombe aliyeridhika.

Kimebaki kijisauti, nakisikia,
kifupi, cha kusafisha koo.
Hicho usije ukaniletea kukitoa.
Breki isiyosema kabisa
mimi siipandi.

Elfu nane, viatu umenunua mwenyewe.
Na hii chupa mrudishie Sospeter.
Mwambie akapake bawaba.