Saa Itakaporudi Nyuma

Miaka kumi na mmoja niliandikia mashine,
orofa ya tatu, Nyawera, dirisha likitazama ziwa
ambalo mimi sikulitazama.
Bili za maji, mishahara ya walimu, riba ya wauza sambaza,
yote yalipita vidoleni mwangu yakawa sufuri na moja.
Mashine haina subira. Sahau nukta moja, inagoma,
na saa nane za usiku Murhula ananipigia:
"Zihalirwa, imekufa tena."

Ni humo, katika mistari asiyoisoma mtu,
nilipokutana na hadithi yangu ya kwanza.
Saa ya mashine huhesabu sekunde, mojamoja,
tangu mwaka wa sabini,
na kapu lake lina ukingo.
Januari ya thelathini na nane litajaa.
Sekunde moja zaidi, na saa itaanguka kinyumenyume
hadi Desemba, elfu moja mia tisa na moja.

Nilimwandikia mkuu wa kazi barua. Akajibu: bado mapema.
Nikaiandika upya. Safari hii nikaanza na mvua.

Katika kitabu changu Bukavu inaamka siku hiyo
na kila simu inasema 1901.
Benki haimjui mdaiwa, kwani hajazaliwa.
Pale Ruzizi askari anagonga muhuri
kwenye pasi ya nchi ambayo bado haina jina.
Juu Kadutu, nyumba zilizobebana migongoni
zinasikia migomba ikichipua chini ya saruji.
Na mwanamke mmoja, fundi wa simu wa Essence,
anapigiwa na bibi ya bibi yake
akiulizwa bei ya chumvi.

Nakala mia mbili, kwa mkopo, kwa Cishugi mpiga chapa.
Ukurasa wa themanini na nane umetoka kichwa chini;
wasomaji wawili wamenisifu kwa ujanja huo.
Sitini na tatu zimeuzwa,
tano kwa Murhula, ambaye hasomi.

Mama alikuwa akichambua maharage.
"Kazi uliacha, mushahara uliacha,
juu ya bantu benye habayazaliwa?"
Kimya. Kokoto moja ikatupwa nje.
"Na miye, mu hiyo kitabu, niko wapi?"
Nikamwambia: hata wewe hujazaliwa, Mama.
Akacheka hadi ungo ukayumba.
"Njo maana hakuna mwenye analipa nyumba."

Kuna usiku ninaoikumbuka ile nukta,
jinsi ilivyosimama mlangoni kama mgambo:
hupiti.
Hadithi haikuzuii.
Unaweza kukosea sura nzima
nayo ikakushika mkono, ikakuongoza shimoni, ikitabasamu.
Nimechana kurasa arobaini za kitabu cha pili.
Za tatu sizitaji.

Umeme ukikatika ninaandika kwa kalamu
nyuma ya bili za zamani, za watu niliowakatia maji
kwa mstari mmoja, bila kuwaona.
Majina yao yanapenya karatasi.
Siku hizi nawapa nyumba, nawapa sayari, nawapa mabomba
yasiyokauka. Ni deni. Silipi lote.

Sasa hivi umeme umerudi.
Ile kompyuta yangu ya kale, betri yake ya ndani imekufa,
imewaka bila kujua iko mwaka gani.
Inaniuliza tarehe.
Nimeiacha ingoje.