Migongo

Mimi nilikuwa golikipa,
na golikipa hajui watu kwa nyuso.
Kaseba nilimjua kwa bega la kushoto
lililoshuka kama mlango uliolegea bawaba.
Lohata kwa kovu la jipu chini ya kisogo.
Bokungu, mtu wa mtoni, kwa miguu iliyopinda
utadhani bado ameubana mtumbwi katikati.

Mwaka ule wa vita tulikuwa timu ya kambi,
hapa Lubumbashi, ng'ambo ya reli,
mahali ambapo moshi wa kiwanda ukigeuka
bukari mdomoni huwa na ladha ya senti.
Uwanja tuliuchimba wenyewe. Kichuguu kimoja,
kirefu kuliko nyumba ya ajida, kilitumaliza wiki tatu,
na bado kwenye kona ya kaskazini mchwa walirudi,
wakala mlingoti wa goli langu mara mbili.

Asubuhi bunduki za mti,
jioni mpira wa ngozi,
uwanja uleule, filimbi ileile.
Ndiyo maana siku ya mechi na timu ya Reli
refa alipopuliza tuanze, Bokungu akajitupa kifudifudi,
mikono kichwani, kama tulivyofundishwa.
Watu wa Kamalondo walicheka mpaka wakashikana mabega.
Mshambuliaji wao akamruka, akaja, akanifunga.
Tulishinda hata hivyo, nne kwa moja,
na usiku ule ajida Verlinde alitupa chumvi
na samaki wakavu, kila mtu nusu.

Daktari alikuja mwezi wa sita.
Alinigonga mbavu kama mtu anayechagua boga,
akasikiliza, akaandika neno fupi.
Kifaransa sikujua. Kaseba, aliyesoma kwa mapadri,
akalichungulia, akaniambia:
Wewe utabaki na goli lako.
Hakusema kwa wivu. Hakusema kwa huruma pia.

Treni ya kwanza ilichukua wanne.
Na timu ya Mgodi tukatoka mbili mbili.
Treni ya pili ilikuja usiku, tulisikia vyuma tu,
asubuhi vitanda sita vilikuwa na blanketi zilizokunjwa
pembe kwa pembe, kwa amri.
Jezi zilibaki. Ajida alizihesabu mara mbili,
maana ni mali ya serikali.

Jezi ya Lohata akapewa Samukinda,
mtoto wa Sandoa aliyeletwa na chifu wake kwa kamba,
mikono bado ina alama.
Ilimfika magotini. Alikimbia kama mtu
anayetafuta njia ya kutoka uwanjani.
Nilipiga kelele, Lohata, rudi nyuma! Lohata!
na mtoto yule, masikini, akarudi.

Kaseba aliondoka na treni ya tatu.
Nilikwenda stesheni. Walipanda kwa mstari,
mimi nyuma yao, mahali pangu pa siku zote.
Bega likashuka, likapanda ngazi, likaingia.

Siku ya mwisho tulicheza na Misheni.
Tulikuwa saba. Padri akatuazima wawili,
vijana wa kwaya, waliotupasia vizuri
na kuwapasia wenzao vizuri zaidi.
Tano kwa sifuri. Mvua ya kwanza ikanyesha,
uwanja ukawa damu ya mzee, mzito, mwekundu.
Niliokota mpira wavuni mara tano,
na wavu wenyewe ulikuwa gunia la viazi.

Miaka mitatu baadaye, sokoni Kenya,
kati ya wauza sombe na wauza mkaa,
nikaliona lile bega.
Nikaita. Aligeuka.
Uso ule sikuujua, upande mmoja ulikuwa umeshonwa
na mtu mwenye haraka.
Tulisimama. Mama mmoja akatusukuma na beseni lake.

Akaniuliza: Ile ya Misheni iliishaje?

Nikamtazama jicho lililobaki.
Sare, nikasema. Moja moja.
Bao lako lile la kichwa, Samukinda alilirudia.

Samukinda nani? akauliza.
Nikaanza kumweleza.