Chini ya Kidevu cha Twiga

Tangu Agosti tulikuwa tunalisha kopo la kahawa:
chenji ya vifungo, pindo la suruali ya mwalimu,
siku moja noti nzima ya elfu kumi
kutoka kwa mteja wa Njiro aliyesema, "Baki nayo, mama."
Desemba ishirini na sita, alfajiri, tukalimwaga kitandani.
Elfu sitini na moja na mia tatu.
Nikahesabu mara mbili. Loning'o akahesabu ya tatu,
kana kwamba pesa huzaa ikitazamwa na mwanamume.

Viwanja vya maji viko njia ya Usa, nyuma ya mashamba ya maua.
Mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, mtoto ni elfu sita
na mlinzi anakuamkia.
Sikukuu mtoto ni kumi na tano, mkubwa ishirini,
bei mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani
na gundi haijakauka.
Maji nimeyachungulia kwenye uzio. Ni yale yale.

"Chakula cha nje hakiingii," mlinzi akasema,
akiinusa hotipoti.
Loning'o akaikumbatia pilau kama mtoto wa tatu.
"Basi tutabaki mimi na yeye. Wote ni wa nje."
Akacheka. Nami nikajua
alishapiga hesabu tangu usiku, akajitoa.

Getini kuna twiga wa mbao, kope ndefu, rangi imebanduka shingoni.
Anayepita chini ya kidevu chake hulipa nusu.
Lemali akapita mbio, hata kivuli hakikumgusa.
Akafuata Nanyori.

Novemba tulimpima kwenye mwimo wa mlango,
nikachora alama kwa chaki ya kushonea,
nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi
kuuliza nani kaposwa.
Vidole vitatu tangu Pasaka! Vidole vitatu.

Sasa yuko chini ya twiga na hakigusi kidevu.
Gauni nililishona mwenyewe, refu makusudi,
lina akiba ya kukulia.
Ndani ya akiba ile magoti yalikuwa yamekunjwa.
Sikumwambia. Naapa sikumwambia.
Alikuwa akitazama mbele, shingo imekakamaa,
uso wa mtu mzima aliyebeba ndoo na hataki imwagike.
Dada wa tiketi alishaanza kuchana ya nusu.

"Nanyori," nikasema, "simama."
"Nimesimama, mama."
"Simama wewe."

Akapanda taratibu, akapanda,
paji la uso likagonga mbao, ko.
Nyuma yetu mtu wa foleni akaguna.
Elfu saba na mia tano, neno moja.

Ndani, kuteleza kwenye lile bomba la bluu
kunataka bangili, na bangili ni elfu tano kwa kichwa.
Nilibaki na nauli yetu, kumi na mbili, hiyo haiguswi,
na elfu sita na mia nane.
"Mpe Lemali," Nanyori akasema. "Mimi lile bomba naliogopa."
Mtoto huyu, anayepanda mparachichi wa kanisani
mpaka matawi yanayokataa ndege.
Nikamnunulia Lemali.
Kwa elfu moja na mia tano tukapata aiskrimu moja, vijiko viwili.
Alikaa ukingoni, miguu majini, akimhesabia mdogo wake:
mara ya sita, mara ya saba,
na kila Lemali alipotumbukia mabega yake yeye yalishtuka.

Saa kumi na moja tukatoka.
Loning'o na mlinzi wamekaa kwenye tofali, hotipoti tupu katikati,
wanajadili bei ya mahindi kama mashemeji.
"Pilau ilikuwa tamu," mlinzi akaniambia, bila kunitazama vizuri.

Njiani Nanyori akauliza,
"Mwakani na twiga naye atakuwa kaongezeka?"
Baba yake akasema twiga wa mbao hakui.
Nikatazama dirishani.

Usiku nikafumua pindo la gauni, vidole viwili.
Kisha nikarudisha kwenye kopo mia tatu zilizosalia.
Zikalia sana. Kopo tupu halijui kunong'ona.