Hatua Kumi na Moja

Ziwa sijaliona. Naanzia hapo,
nisije nikaitwa mwongo na watu wa Bukoba.
Mimi upande wa bara nimeishia Chalinze,
tena kwa msiba, tena usiku.

Lakini Bwana Mutalemwa, daktari wa meno wa Upanga,
anataka ziwa la kwao ukutani,
pale wagonjwa wanapokaa wameshika shavu.
"La asubuhi," alisema kwenye simu,
"kabla jua halijawa kali.
Na kisiwa cha Musira usikisahau."
Akatuma nusu ya fedha. Nusu ile ikawa kodi ya chumba,
chupa ya tapentaini, na mafuta ya kitani
yanayonukia kama jiko la mtu mwingine.

Nikatafuta maji.
Bahari ipo, nani asiyeijua,
lakini bahari ina chumvi na kiburi,
haikai ikatazamwa.
Nikaenda nyuma ya gereji ya Kigogo,
kwenye dimbwi lililoachwa na mvua ya Jumanne.
Fundi alikuwa amemwaga oili chakavu,
na oili imelala juu ya maji
zambarau, kijani, dhahabu ya bangili ya kuazima.
Wanasema mafuta na maji hayapatani.
Waje Kigogo saa moja asubuhi.
Nilichuchumaa pale na daftari
hadi fundi akaniuliza kama nimeangusha pete.

Sikuchora wimbi. Wimbi halichoreki:
ukimaliza mgongo wake limeshakuwa lingine.
Nilidonoa tu. Samawati, pembeni yake chungwa;
nili ya kufulia, kando yake damu ya mzee,
bila kuzisuluhisha, zigombane zenyewe.
Tyubu ya nyeusi niliisukumia uvunguni.
Kivuli nacho kina rangi:
mtazame mtu wa maji ya kunde
akipita chini ya kanga zilizoanikwa.

Mtoto wa chumba cha pili akachungulia.
"Mama anauliza, hilo ndilo la kufutia brashi?"

Siku ya nne umeme ukakatika mkono ukiwa hewani.
Nikapapasa kutafuta kiberiti,
dole gumba likagusa maji, pale chini kulia,
likaacha kovu la kijivu.
Kulipokucha nikashika kisu nilikwangue.
Sijui kwa nini sikulikwangua. Uvivu, labda.
Au njaa.

Akaja Jumamosi, viatu vinang'aa,
akasogeza uso kama anayetafuta tundu kwenye jino.
"Hii nini?"
"Rangi."
"Na hii?"
"Rangi pia."
"Musira iko wapi?"
Nikamwonyesha donge la urujuani.
Akaguna, na mimi nikaisikia nusu ya pili ya fedha
ikivaa viatu, ikiondoka.

Ni yule mtoto aliyemshika mkono.
Jina lake Sijaona, na ndiye mwenye macho.
"Mjomba, haionwi hapo. Njoo huku."
Akamrudisha kinyumenyume:
kizingiti, ndoo za Bi Mwanahawa,
kamba ya nguo (akainama), mtaro (akaruka),
hadi kwenye ukuta wa jirani.
Hatua kumi na moja, nilizihesabu.

Akanyamaza.
Kutoka ndani nilimwona ameshika shavu,
yeye, mtu wa meno.
"Lile jiwe," akasema. "Ulijuaje lile jiwe?
Mama alikuwa anafulia pale.
Akilipiga shuka, ng'ambo kunaitika."

Nikatazama kidole changu.
Ukuchani bado kulikuwa na kijivu.

Sikumjibu. Ningesema nini, kwamba lilichorwa na giza?
Nilimwambia tu rangi haijakauka,
unyevu wa mji huu anaujua,
asubiri wiki tatu, asiliegemeze, asiliguse.

Kuna mbu amenasa kwenye anga, juu kushoto.
Nimemwacha.
Kutoka kwa jirani ni ndege.