Mistari Saba

Waliikuta katika damu ya mtoto njiti, gramu mia tisa,
kisha chini ya kucha za Piroska, muuguzi wa zamu ya usiku.
Mistari saba kwenye jeli hapa, mistari saba pale,
sambamba, kama ngazi mbili za fundi mmoja.
"Hamira ni ile ile," nikaandika. Nikapiga muhuri.

Siku ya tatu kabati lake lilikuwa tupu.
Kandambili zake za kijani zilibaki chini ya benchi.

Jumapili, Debrecen imefunikwa theluji, nilirudi maabara bila kuitwa,
nikadonoa madoa kumi sahanini, si lile moja nililozoea,
lile nono, lililo karibu na mkono.
Sita yalisema hivi. Manne yalisema vingine.
Nikapima hamira ya kinywani mwangu:
saba.
Ya shemeji yangu wa Szeged, asiyewahi kukanyaga wodi ile:
saba.

Jifya moja haliinjiki chungu,
nami nililiinjikia mkate wa mtu.
Mji mzima umevaa sare,
nikamkamata mmoja kwa rangi ya shati.

"Hukukosea," asema Profesa Orsós. "Mistari ilikuwa saba."
Kweli. Ilikuwa saba.

Usiku huu naandika ripoti upya.
Neno "sawa" nimelifuta, nikaweka
"kwa kipimo hiki hatukuweza kuzitofautisha".
Ni refu. Haliingii kwenye kisanduku cha fomu.
Nimeliandika pembeni, kwa mkono,
likapanda ukingo wa karatasi
hadi juu, kwenye jina lake.