Mwangaza Ufike Kabla

Miaka sita nililala Noryangjin
katika chumba ambacho, nikinyoosha mikono,
kiganja hiki ukutani, na hiki ukutani.
Kitanda, meza, taa.
Dirisha lilikuwa la kulipia zaidi.
Sikulipia.

Nilijua mfalme gani alijenga ngome gani.
Nilijua vifungu vya sheria kwa nambari,
kama mtu anavyozijua simu za wanaomdai.
Kubadilisha balbu sikujua.
Ilipoungua nilisomea msalani wiki mbili
nikiona haya kumwita mwenye nyumba.

Tulikuwa maelfu Seoul nzima,
tukila wali wa kikombe tumesimama,
daftari kushoto, kijiko kulia.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Unataka nini?"
Tuliulizana, "Umepata ngapi?"

Mama, kule Gunsan, alifua mashuka ya hoteli.
Kila tarehe tano pesa ziliingia benki
na ujumbe wa maneno mawili: Kaza buti.
Nikakaza. Buti zikabana.
Mara ya sita nilianguka kwa swali moja,
la kumi na nane:
chagua neno lililoandikwa sahihi.

Usiku ule lifti ilikwama
kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
mimi, Bi Ok Mal-sun wa jikoni, na ndoo yake ya kimchi.
Saa nzima. Hakuniuliza matokeo;
alinipa jani la kabichi, nikatafuna, nikalia,
akasema pilipili ya mwaka huu ni kali.

Ndipo mlango ukafunguka kwa juu kidogo
ukaingia mkono wenye grisi, kisha uso:
Pyo Geum-ran, fundi, miaka hamsini na ushei.
Elimu ni ufunguo, walituambia tangu chekechea.
Ufunguo wake yeye ulikuwa chuma kilichopinda,
kimezungushiwa utepe mweusi,
nao ulifungua.

Alimtoa Bi Mal-sun, akaitoa ndoo, akanitoa mimi.
"Wewe kijana, shika tochi."
Nikashika.
"Siyo hapo. Tazama mkono wangu unakokwenda.
Mwangaza ufike kabla yake."

Miaka ishirini ya madawati,
walimu wenye vipaza sauti, video za masomo kwa kasi maradufu,
na hakuna aliyewahi kunifundisha hilo:
kumtazama mtu
hadi ujue anataka kugusa nini.

Sisemi vitabu ni takataka.
Michoro ya umeme niliisoma haraka kuliko wenzangu wote,
na Geum-ran, asiyesifu, alisema "Hm."
Hiyo "Hm" niliiweka mfukoni kama mshahara.

Mama bado hajaizoea.
Sikukuu ya mavuno, mjomba akiuliza nafanya nini,
anasema, "Yuko kampuni moja Seoul,"
halafu anainuka kwenda kuchungulia chungu
ambacho hakijawekwa motoni.
Mimi namwelewa. Yale mashuka yote.
Naosha vyombo, kucha zangu nyeusi ndani ya povu,
hatuzungumzi.

Juzi nimeitwa kwenye jengo lilelile.
Nimelala kifudifudi juu ya paa la lifti,
shimo lote linanuka mafuta na noodo,
chini yangu mvulana anakariri wafalme kwa sauti,
mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu ngazi gizani.
Akamruka mmoja.
Kabla sijajizuia nikampigia kelele:
"Umemruka wa saba!"

Kimya.
Kupitia tundu la feni nikamwona
akiinua uso kutoka daftarini,
pengine mara ya kwanza leo,
akaitazama dari.
"Nani huyo?"

Nilikuwa na skrubu mbili kiganjani
na tochi kwapani.
Jibu halikunijia upesi.
Niligeuza tochi kwanza,
aone.